Mshtuko wa majeruhi: maana yake kwa nesi na kwa jirani

Mkwezi akianguka kutoka juu ya mnazi huku Mikindani, au bodaboda ikiteleza na abiria wake njia ya Newala, wanaomzunguka majeruhi husema, "Amepata mshtuko." Wanamaanisha ameogopa, moyo unamwenda mbio, atulizwe. Anapewa maji, anasogezwa kivulini. Nesi akiliandika neno hilohilo kwenye faili, anataja jambo jingine kabisa: damu inayofika kwenye viungo vya mwili haitoshi kuvipa oksijeni, na visipoipata vinaanza kufa. Majeruhi anaweza kuwa ametulia, anaitikia salamu, na huku tayari yumo ndani ya mshtuko.

Mtu mzima wa kilo 70 ana damu kama lita 5. Ikianza kumwagika, mwili haukai bure. Unabana mishipa ya ngozi, ya mikono na ya miguu, ili damu iliyobaki ipelekwe kwenye moyo na ubongo, na moyo wenyewe unaongeza mapigo. Mwili unajitetea kwa nguvu sana, na utetezi huo ndio unaotudanganya wauguzi. Mtu anaweza kupoteza hadi lita moja na nusu, yaani karibu asilimia 30 ya damu yake, na kipimo cha presha kikasoma vizuri tu. Presha inaposhuka, mwili umeishiwa mbinu.

Nilikuwa zamu kwenye zahanati moja ya pwani alipoletwa kijana mkwezi, kaangukia ubavu wa kushoto. Hakuwa na jeraha la kuonekana. Kaka yake akasema, "Sista, huyu hajatoka hata tone la damu, apumzike tu." Presha ilikuwa 112 kwa 86, inasoma vizuri tu. Nilipomshika mkono niliukuta wa baridi na una majimaji, kama wa mvuvi aliyekesha baharini, na ilikuwa saa saba mchana. Nilibonyeza ncha ya kidole chake nikaiachia. Rangi, ambayo hurudi ndani ya sekunde 2, ilichukua 4. Mapigo 126 kwa dakika. Aliomba maji mara tatu, kisha akaanza kuvuta shuka na kutaka kuinuka. Kiu na kuhangaika vile ni ubongo unalalamika. Damu ilikuwa inajaa tumboni, kutoka kwenye bandama.

Ndiyo maana mkono wa nesi unatangulia mashine. Kama kuna damu inayobubujika, inazuiwa kwanza. Kisha njia ya hewa, huku shingo ikishikwa isigeuke, halafu upumuaji, halafu mzunguko wa damu, halafu fahamu. Mwisho anavuliwa nguo, anaangaliwa mbele na nyuma, anafunikwa upesi. Pale damu isipoonekana, tunaitafuta kifuani, tumboni, kwenye nyonga na kwenye mapaja. Paja moja lililovunjika linaweza kumeza lita nzima bila ngozi kuchanika. Nyonga ikishukiwa kuvunjika, kanga iliyokunjwa ikafungwa kwa kukaza kuzunguka nyonga inapunguza uvujaji wa ndani. Kanga huku haikosekani.

Jeraha linalotoka damu linakandamizwa kwa kitambaa safi na kiganja, moja kwa moja, bila kufunuafunua kuona kama imeacha. Kila ukifunua unabandua damu iliyoanza kuganda. Majeruhi hapewi chai wala maji, maana huenda akaingia chumba cha upasuaji, na akitapika anaweza kupaliwa. Afunikwe, hata kama jua la Lindi linawaka: mwili ukipoa, damu inakataa kuganda.

Kanula, yaani vimrija vya kuingizwa kwenye mshipa, ziwe mbili na nene, za kijivu kama zipo, na damu ya kupima kundi ichukuliwe palepale. Dripu inasaidia kusogeza muda, lakini haibebi oksijeni. Ukimjaza lita juu ya lita unaipunguzia nguvu damu iliyobaki, haigandi tena, na unampoza. Anachohitaji ni damu, na mtu wa kuziba panapovuja. Dawa ya traneksamiki, inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke, gramu 1 polepole kwa dakika 10, inasaidia ikitolewa ndani ya saa 3 tangu aumie. Utafiti mkubwa wa CRASH-2 ulionyesha mwaka 2010 kwamba inapunguza vifo, na uchambuzi wake wa mwaka 2011 ukaonyesha uzito wa hizo saa 3. Baada ya hapo inaweza kudhuru.

Wapo wanaokwepa kanuni. Mzee anayemeza atenolo kwa ajili ya presha, mapigo yake hayapandi. Mtoto hujitetea vizuri, kisha huanguka ghafla. Aliyeumia uti wa mgongo huwa na presha ya chini, ngozi ya joto na mapigo ya taratibu. Na si kila mshtuko wa majeruhi ni wa kuvuja damu: hewa iliyonaswa kifuani inaweza kuukaba moyo, na hiyo inatolewa hapohapo, haisubiri picha ya eksirei.

Yule kijana tulimpeleka rufaa mchana uleule. Kwenye gari nilipima mapigo kila dakika 15 nikaandika, pamoja na saa aliyoanguka, dripu zilizoingia na mkojo uliotoka, ambao kwa mtu wa kilo 60 hautakiwi kupungua mililita 30 kwa saa. Daktari wa upasuaji aliisoma karatasi ile akiwa amesimama mlangoni, akaita damu kabla machela haijashuka.