Oili nyeusi si lazima iwe imekufa

Kwenye mashine za kusaga nafaka utaambiwa: oili ya injini ya dizeli ikishakuwa nyeusi imekufa, imwage. Si kweli. Injini ya dizeli inapochoma mafuta hutoa masizi, na kiasi chake hupenya kando ya ringi za pistoni hadi kwenye oili. Oili hiyo imetiwa kemikali za kuyashika masizi yasigande kwenye vyuma. Ndiyo maana oili mpya huweza kuwa nyeusi siku ile ile uliyoiweka. Inafanya kazi yake.

Anayepima kwa rangi hukosea pande mbili: mmoja humwaga oili ambayo bado ni nzuri, mwingine huizoea nyeusi akapitiliza miezi, na huyu ndiye anayeua injini. Hesabu saa za kazi, hata kwa chaki ukutani, ubadilishe oili kama kitabu cha injini kinavyosema.

Zima injini, subiri ipoe, chomoa kijiti cha kupimia, sugua tone kati ya vidole. Ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia. Ikiwa nyepesi na inanuka dizeli, mafuta yanavujia ndani. Hapo usiwashe tena, mwite fundi.