Je, wajua kwa nini darasa hujibu "Ndiyo" hata lisipoelewa?

Pita nje ya darasa lolote la msingi hapa Mombasa mwendo wa saa nne asubuhi, iwe Kisauni au Changamwe, utaisikia tu. "Tumeelewana?" "Ndiyooo, mwalimu!" Sauti moja, utadhani wamefanya mazoezi. Kesho yake madaftari yanakusanywa na mwalimu anashika kichwa.

Watoto hawa si waongo. Fikiria tunavyosalimiana. Mtu ana homa tangu usiku, ukimwuliza "Hujambo?" atakujibu "Sijambo". "Habari za nyumbani?" "Nzuri," halafu ndipo akueleze kwamba mtoto amelazwa. Swali limekuja na jibu lake, naye amelipokea kwa adabu. "Mmeelewa?" ni salamu ya aina hiyo hiyo. Isitoshe, nani atasimama mbele ya wenzake aseme yeye peke yake hajaelewa? Bora kufunika kombe mwanaharamu apite.

Kuna sababu nyingine, na kwangu hii ndiyo nzito zaidi: mara nyingi mtoto anaamini kweli kwamba ameelewa. Mwalimu anapokokotoa ubaoni, kila hatua inafuatana na mwenzake vizuri. Ni kama kumtazama mama akisukuma chapati. Duara linatoka lenyewe, hadi siku ushike kisukumio wewe utoe ramani ya Afrika. Kufuata kazi ya mtu na kuifanya mwenyewe ni mambo mawili, lakini ukiwa umeketi kwenye dawati yanafanana sana.

Ndiyo maana tathmini ya darasani huanzia kwenye swali ambalo "ndiyo" haiwezi kulijibu. Tuchukue hesabu ya muda. Matatu imetoka Mombasa saa 2:45 asubuhi, ikafika Kilifi saa 4:20. Imechukua muda gani? Jibu ni saa 1 na dakika 35. Sasa tazama makosa. Mtoto wa kwanza ameandika saa 1 na dakika 75: ametoa 2.45 kwenye 4.20 kama anayetoa shilingi na senti, yaani kwake saa moja ina dakika 100. Wa pili ana saa 2 na dakika 25: ameona 20 haitoshi kutoa 45, akageuza, akatoa ndogo kwenye kubwa. Wa tatu ana saa 7 na dakika 5, kwa sababu amejumlisha. Wote watapigiwa alama nyekundu ile ile ya kosa na kupata sufuri ile ile, ilhali maradhi yao ni matatu na kila moja lina dawa yake. Na yuko wa nne, ambaye hesabu anaijua vizuri ila swali liliandikwa kwa Kiingereza kilichomshinda. Huyo umempima lugha, kisha ukaandika kwamba hajui hesabu.

Mwalimu mjanja huyageuza makosa hayo kuwa machaguo A, B, C na D. Anawaambia watoto wafumbe macho, kila mmoja aoneshe kwa vidole akiviegemeza kifuani: kimoja kwa A, viwili kwa B. Kwa nusu dakika ameshajua nani yuko wapi, na hakuna aliyechungulia kwa jirani.

Ukiuliza kwa mdomo, basi subiri. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alichunguza rekodi za masomo ya sayansi akakuta walimu wengi husubiri takriban sekunde 1 tu kabla ya kumrukia mwanafunzi mwingine au kujibu wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na hata wale wanyamavu wakaanza kusema. Jaribu sekunde 3 za kimya darasani, joto la Februari likiwa kichwani. Utaona zilivyo ndefu.

Kusema kweli, haya si mageni Pwani. Chuoni, yaani madrasani, maalim hamwulizi mtoto "Umehifadhi?" Humwambia "Soma". Mtoto huketi mbele yake akasoma. Akikosea irabu moja hurudishwa hapo hapo, na haendi aya inayofuata mpaka ile imenyooka. Zamani aya iliandikwa kwenye ubao wa mti, ikishaiva ubao unaoshwa, inaandikwa nyingine. Tofauti ni kwamba kosa la kusoma linasikika. Kosa la kufikiri halina sauti, ndiyo sababu mwalimu wa hesabu anahitaji ujanja zaidi ya masikio.

Kuhusu alama, tuliokulia kwenye KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, tulizoea kuulizwa "Umepata ngapi kwa 500?" na mazungumzo yakaishia hapo. Mtaala wa sasa unamweleza mtoto kwa viwango vinne, kuanzia kuzidi matarajio hadi kuwa chini ya matarajio. Ni afadhali, ingawa nimeona wazazi wakivigeuza kuwa namba siku hiyo hiyo. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler, huko Israeli, alionesha jambo linalowaudhi walimu wengi: wanafunzi waliopewa maoni pekee bila alama walifanya vizuri zaidi baadaye, lakini waliopewa maoni pamoja na alama hawakufaidika hivyo. Alama ikiwapo, jicho huenda kwenye alama.

Darasa la watoto 50 litaandikiwa maoni lini? Si kila siku. Ila dakika 5 kabla ya kengele, kila mtoto anaweza kujibu swali moja kwenye kikaratasi na kumkabidhi mwalimu akitoka mlangoni. Mwalimu hasahihishi. Anavipanga mafungu mezani kama ndimu za soko la Kongowea: fungu la dakika 35, la dakika 75, la 25. Akiona la 75 limeyazidi mengine, kesho mada mpya itasubiri. Anaishusha saa ya ukutani ofisini, anaingia nayo darasani, na kabla hajasema neno anausogeza ule mshale mrefu, polepole, hadi uvuke 59.