Mbwa wa kuwinda mfundishe kwanza kurudi

Swali ninaloulizwa kila wiki hapa Kisesa, Mwanza, ninapofundisha na kuzalisha mbwa, mtu akishashuka kwenye bodaboda tu na kusalimia, ni hili: "Unampa nini mpaka anakuwa mkali?" Wengine wanakuja na majibu yao kabisa, mpe pilipili, mfungie gizani, mnyime msosi siku mbili. Mi huwa nacheka namwambia ngosha, mbwa mkali hajui kuwinda, mbwa mkali anang'ata mtoto wa jirani alafu we ndo unaenda kulipia sindano za kichaa. Mbwa wa kuwinda ni pua na masikio, na kati ya hivyo viwili pua anazaliwa nayo, masikio ndo kazi yangu.

Alafu tuelewane mapema. Kuwinda wanyamapori bila kibali ni kosa, kwahiyo ukija unataka mbwa wa kwenda kunyemelea swala huko pembezoni mwa Serengeti utarudi na bodaboda yako hiyo hiyo. Kinachonilisha mimi ni wafugaji wa Magu na Misungwi wanaopotelewa na ng'ombe, wenye mashamba wanaotaka mbwa wa kufuata nyayo za mwizi, na mmoja mmoja mwenye kibali chake cha kuwinda ndege. Mafunzo ni yale yale ya babu zetu, kilichobadilika ni kinachotafutwa.

Watoto nawachagua wakiwa na wiki 7. Nachukua kitambaa nilichokisugua mfupa, nakiburuza mbele ya mtoto mmoja mmoja alafu nakificha nyuma ya jiwe. Wengi wanakifukuza kwa fujo, kikipotea wameshasahau, wanakuja kutafuna kamba za viatu vyangu. Mi namsubiri yule anayebaki palepale kilipopotelea, kainamisha pua, anazunguka, anarudi, analialia kidogo. Huyo siuzi hata uje na hela ya kiwanja. (Sawa, ya kiwanja tungeongea.)

Kufuata harufu tunaanza saa 12 asubuhi kabla mawe hayajapata moto. Watu wa Mwanza mnajua haya mawe yetu, yanapendeza kwenye picha lakini kwa mbwa ni mtihani, maana jua likishapiga harufu inapotea upesi juu ya jiwe ila inabaki imejificha kwenye nyufa na kwenye majani ya kivulini, sasa mbwa mgeni anafika pale anachanganyikiwa, anaenda huku, anarudi, na juu yake kuna pimbi wamekaa wanamwangalia kama wako uwanjani. Na upepo nao unageuka, usiku mpaka alfajiri unatoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana unatoka ziwani kuja kwetu, kwahiyo njia uliyoitengeneza asubuhi ukiirudia saa 8 mchana ni somo lingine kabisa.

Njia yenyewe haina uchawi. Kijana wangu anatembea hatua 200 akiburuza miguu, kila hatua anadondosha kipande cha nyama kwenye unyayo wake, mwisho anaacha soksi yake na bonge la nyama. Mbwa namfunga mkanda wa kifuani, sio wa shingoni, na kamba ya mita 10, namwambia "tafuta" mara moja tu alafu nanyamaza. Kunyamaza ndo kugumu, wateja wangu hawawezi, wanamshika mbwa wanamgeuzia kichwa "huku, huku wewe", sasa nani ana pua hapo? Akizoea napunguza nyama, naongeza kona, njia naiacha ilale nusu saa, baadae saa zima.

Sasa masikio. Kuna mzee mmoja alinunua kwangu dume, safi kabisa, baada ya miezi mitatu akanipigia simu mbwa wako ameharibika, nikimwita anakimbia. Nikaenda. Nimekaa pale jioni moja tu nikaona. Mbwa anafunguliwa saa 11, anaitwa saa 12 kufungwa mnyororo. Siku akichelewa kuja anapigwa fimbo, na anapigwa akishafika! Yani kwa akili ya mbwa kuja ndo kosa. Mzee namheshimu, nikamwambia "Baba, na mimi ningekimbia." Alicheka ila hakufurahi. Tulianza upya na filimbi, kumwita kwa mdomo kama zamani tukakuacha maana kulishaharibika: filimbi inapigwa, akija anapata kipande cha sangara aliyechemshwa alafu anaachiwa tena aende. Mara 9 anaachiwa, ya 10 ndo anafungwa. Wiki 3. Mbwa asiyerudi ukiita, hata awe na pua ya ajabu, siku moja atakufuatia mbuzi wa watu mpaka barabara ya Musoma na hapo utamwokota vipande.

Upande wa kuzalisha watu wanaona hela tu. Jike simpandishi joto la kwanza, nasubiri akaribie miaka miwili, na dume naangalia anavyotembea nyuma, hasa hawa German Shepherd, nyonga zao zina matatizo ya kurithi. Uzoefu ulionifundisha kwa maumivu: niliwahi kuleta dume wa kizungu mzuri mno, nikaona kupe wachache nikapuuza, siku ya nne hali chakula, ufizi mweupe, mkojo kama chai ya rangi. Homa ya kupe. Alikufa alfajiri kichwa kikiwa pajani kwangu. Toka hapo nachanganya damu ya nje na majike yetu ya kienyeji yaliyokulia na kupe hawa hawa, masikio hayasimami vizuri kwenye picha lakini wanaishi. Maeneo yenye mbung'o ni hatari zaidi maana wanaambukiza nagana, ukiona jicho la mbwa limeingia ukungu wa bluu usikimbilie kumchoma dawa ya ng'ombe kwa kukadiria, kipimo kikizidi kidogo inamharibu ubongo, mwite daktari ampime kilo.

Msosi ni wa hapa hapa, mapanki ya sangara (mifupa inayobaki minofu ikishatolewa), ugali, dagaa. Dagaa nachagua walioanikwa kwenye chanja, wale wa mchangani naosha maji matatu na bado meno ya mbwa yanalia kwachu kwachu. Na napika, simpi samaki mbichi kila siku maana wengine wanaharibu vitamini B1 mwilini.

Naandika hivi nikiwa bandani. Jike langu, anaitwa Hayawahusu, leo ana siku 61 toka apandwe, kawaida ni kama 63. Mchana kipimajoto kilisoma 38.1, sasa hivi saa 4 usiku ni 36.9 na amekataa hata mapanki, anakwaruza magunia anayapanga upya. Ikishuka chini ya 37 mara nyingi ndani ya siku moja wanazaa. Simu iko asilimia 12, tochi naihitaji, ngoja niizime.