Pombe ya Mzazi, ADHD ya Mtoto: Maswali na Majibu

Maswali haya huulizwa na vijana wenyewe, na mashangazi, wajomba na walimu wanaowaona wakihangaika. Wazazi huuliza pia, ingawa mara nyingi kwa sauti ya chini.

ADHD ni nini? Si utundu tu?

Ni hali ya ukuaji wa ubongo. Mwenye nayo hushindwa kushikilia umakini, au kutulia, au kujizuia, na wengine hushindwa yote matatu. DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa kutambua magonjwa, uliotoka mwaka 2013, unataka dalili ziwe zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12, tena katika mazingira zaidi ya mamoja. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walipima unene wa gamba la ubongo, wakaona kwamba kwa watoto wenye ADHD hufikia kilele chake kwenye miaka 10 na nusu hivi, wakati kwa wenzao ni 7 na nusu. Kinachochelewa zaidi ni sehemu ya mbele, ile ya kupanga na kujizuia.

Je, ulevi wa mzazi ndio uliomletea mtoto ADHD?

Inategemea pombe ilinywewa lini. Pombe ya wakati wa ujauzito hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Madhara yake yalipewa jina la kitabibu mwaka 1973 na madaktari Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, na watoto wengi walioathiriwa huonyesha dalili za ADHD. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mama unayesoma haya na roho inakuuma, mweleze daktari ukweli. Hakuna atakayemsaidia mwanao vizuri akiwa amefichwa nusu ya habari.

Pombe inayonywewa baada ya mtoto kuzaliwa haitengenezi ADHD. Hali hii hurithiwa sana: tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba asilimia 70 hadi 80 ya tofauti kati ya watu hutokana na vinasaba. Kwa hiyo wapo wazazi walevi ambao wana ADHD wenyewe bila kujua, na walianza kunywa ili kichwa kitulie. Lakini nyumba yenye ulevi inaweza kumtia mtoto hali inayofanana na ADHD. Mtoto anayelala nusu usingizi, sikio likiwa mlangoni akisubiri kusikia mzazi amerudi vipi, hatasikia somo la hesabu kesho yake. Anayemchunguza mtoto lazima aambiwe habari za pombe nyumbani.

Mbona huyu anaumia kuliko ndugu zake wasio na ADHD?

Kwa sababu pombe inampokonya kile hasa anachokihitaji. Kwa sehemu kubwa, kumsaidia mwenye ADHD ni kumwekea nje ya kichwa chake vitu ambavyo wengine wanavyo ndani: saa za kudumu, ukumbusho, kanuni moja isiyobadilika, sifa inayotolewa papo hapo akifanya vizuri. Mtu wa kumshikia hayo ni mzazi. Mzazi akilewa, mpango wote unalala naye. Ndugu yake anaweza kujiamsha, kujipangia begi na kwenda shule akiwa na hasira tu. Yeye ataamka amechelewa, daftari halionekani, na fomu iliyotakiwa kusainiwa bado iko mezani.

Kanuni nazo hugeuka kila siku. Kosa ambalo mzazi alilicheka jana akiwa amechangamka, leo linaleta kipigo kwa sababu kichwa kinamgonga. Mtoto yeyote angechanganyikiwa, sembuse huyu ambaye kuunganisha tendo na matokeo yake tayari kunamsumbua.

Kuna jambo jingine ambalo kwa maoni yangu huumiza zaidi, na halisemwi vya kutosha. Pombe nyingi hufuta kumbukumbu. Mzazi anaahidi usiku, asubuhi anakana kabisa, na si lazima awe anadanganya, hakumbuki kweli. Sasa kijana ambaye tangu utotoni anaitwa msahaulifu atapata wapi ujasiri wa kusema, “Hapana, aliyesahau ni wewe”? Anajitilia shaka, na mwisho anaacha kuyaamini hata macho yake. Ndiyo maana napenda vijana wa namna hii wawe na daftari la kuandikia tarehe na maneno yaliyosemwa, si kwa ajili ya kumshtaki mtu, bali ili wajue kwamba walisikia sawasawa.

Baba anasema anakunywa kwa sababu yangu. Ni kweli?

Mwaka 1997 mtaalamu wa Marekani William Pelham na wenzake walichapisha jaribio ambalo wazazi walikaa na wavulana waliofundishwa kuigiza. Wengine waliigiza utulivu, wengine fujo za ADHD na ukaidi. Wazazi waliokutana na fujo walitoka wamechoka zaidi, na walipopewa pombe walikunywa zaidi. Kwa hiyo kulea mtoto wa namna hii kunachosha kweli, na uchovu huo unaweza kumsukuma mtu kwenye glasi. Lakini wapo wazazi wengi waliochoka hivyohivyo na hawanywi. Uraibu una mizizi yake, na mara nyingi ulikuwepo kabla hujazaliwa. Hukuuanzisha. Hutaumaliza hata ukipata alama zote darasani.

Na mimi nitakuwa mlevi?

Si lazima. Karibu nusu ya hatari ya uraibu wa pombe hutokana na vinasaba, na ADHD isiyotibiwa huongeza hatari kwa sababu ya papara. Nusu iliyobaki ina nafasi kubwa ya wewe kujiamulia. Kadiri unavyochelewa kuionja pombe ndivyo hatari inavyopungua, na mwenye historia kama yako ana sababu nzuri ya kutoionja kabisa. Dawa za ADHD zikitumiwa kama zilivyoandikwa hazijaonekana kuongeza uraibu wa baadaye, ingawa watu wengi huamini kinyume chake.

Je, ni salama kuweka dawa hizo nyumbani kwa mlevi?

Methylphenidate na dawa nyingine za kuchangamsha ubongo zinaweza kutumiwa vibaya na mtu mzima aliye nyumbani, au kuuzwa. Zifungiwe, zihesabiwe, na daktari anayeziandika aambiwe hali ilivyo. Anaweza kuchagua dawa ya kumezwa mara moja asubuhi, au atomoxetine, ambayo haina kishawishi hicho. Pengine mtu wa shuleni anaweza kupewa kazi ya kuitoa.

Mzazi akiwa amelewa chakari leo usiku, nifanye nini?

Usibishane naye. Papara yako na ulevi wake vikikutana, mambo huharibika haraka. Ondoka chumbani. Usipande gari analoliendesha hata akikulazimisha. Kuna ngumi au vitisho? Nenda kwa mtu mzima mliyekubaliana naye mapema. Ukiwa umepaniki si wakati wa kuanza kufikiri nani wa kumpigia, kwa hiyo namba yake iandike mahali unapoiona.

Akiwa haamki hata akitikiswa, anapumua polepole au kwa kukatakata, au ngozi imekuwa ya baridi na rangi ya bluu, mlaze kwa ubavu, ita msaada wa dharura, na usimwache peke yake.

Usimwage pombe yake yote ukidhani umemponya. Anayekunywa sana kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha kuchanganyikiwa kunakoweza kuua. Kuacha kwa mtu wa hivyo kunahitaji daktari.

Akiacha, kijana atatulia?

Kwa sehemu. Usingizi hurudi na hofu hupungua, ADHD hubaki. Miezi ya mwanzo inaweza hata kuwa na ugomvi zaidi, kwa sababu mzazi sasa anataka kusimamia nyumba ambayo watoto wamezoea kujisimamia. Naye apimwe ADHD. Ikigunduliwa na kutibiwa, kubaki bila pombe kunaweza kuwa rahisi kidogo.

Mimi ni shangazi tu. Nianzie wapi?

Usianze na mzazi. Chukua jambo moja lililodondoka, ulishike wewe: kumpigia simu kila asubuhi saa ileile, au kukaa naye Jumamosi mkipanga begi na daftari za wiki. Liwe dogo kiasi kwamba hutalikosa hata ukiwa umechoka, maana ameshazoea watu wazima wanaokuja wiki mbili kisha wanapotea. Akisahau kupokea, piga tena bila kumgombeza. Ukiona mlango umefunguka, mwulize kama angependa kukutana na vijana wenzake wenye wazazi walevi. Alateen, mtandao wa vikundi vya vijana wa namna hiyo ulioanza Marekani mwaka 1957, huwakutanisha ana kwa ana na kwa mtandao. Akikataa, kesho asubuhi piga simu kama kawaida.