Mguu wa Mtoto Umelegea Ghafla: Maswali Tunayoulizwa Kigoma

Kazi yangu ni utafiti katika ufuatiliaji wa magonjwa ya watoto mkoani Kigoma, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuwatafuta watoto waliopooza ghafla, kuanzia Kakonko hadi vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika ambavyo baadhi yake hufikiwa kwa boti tu. Maswali yafuatayo huulizwa na wazazi, na mara nyingi huulizwa muda ukiwa umekwisha kupita.

Kupooza mnakokufuatilia ni kupi?

Ni pale mtoto mwenye umri chini ya miaka 15, aliyekuwa akitembea na kucheza vizuri, anapopoteza nguvu za mguu, mkono au viungo zaidi ya kimoja kwa muda mfupi, na kiungo hicho kikawa tepwetepwe badala ya kukakamaa. Polio ni sababu mojawapo, na ndiyo tunayoihofia zaidi. Kwa kuwa hakuna awezaye kuitambua kwa macho, kila mtoto wa namna hiyo anapaswa kuripotiwa.

Je, polio haikwisha Tanzania?

Mgonjwa wa mwisho wa virusi vya asili vya polio nchini alionekana mwaka 1996, na mwaka 2015 Tanzania ilithibitishwa kuwa haina polio. Lakini mwaka 2022 virusi vya asili viligunduliwa Malawi, na mwaka 2023 polio itokanayo na virusi vya chanjo vilivyobadilika, ambavyo huenea pale watoto wengi wanapokuwa hawajachanjwa, ilithibitishwa Burundi na baadaye mkoani Rukwa. Anayeona boti zinavyokwenda na kurudi kati yetu na Burundi na Kongo hawezi kudhani kwamba jambo hilo ni la watu wengine. Isitoshe, kati ya watu takriban 200 wanaoambukizwa, mmoja tu ndiye hupooza, kwa hiyo mguu mmoja uliolegea unaweza kuwa dalili ya virusi vilivyokwisha kuenea katika nyumba nyingi.

Mtoto amelegea leo. Si tungoje kwanza wiki moja au mbili tuone?

Hapana. Msingoje wiki mbili, wala wiki moja, wala siku mbili. Mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo, na kama zahanati iko mbali, mwambieni mhudumu wa afya wa jamii au mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo.

Virusi vya polio hutoka kwa wingi katika kinyesi ndani ya wiki mbili za kwanza tangu kiungo kilegee, kisha hupungua. Kwa hiyo tunahitaji sampuli mbili za kinyesi, zilizopishana angalau saa 24, ndani ya siku 14. Mtoto akiletwa baada ya hapo bado tutachukua sampuli, na tutachukua pia za watoto walio karibu naye, lakini jibu la maabara likisema hakuna virusi halitatutuliza, maana huenda vilikuwapo vikaisha. Niliwahi kufika katika kijiji kimoja cha mwambao siku ya 31. Mama alinieleza kwa upole kwamba walikuwa wakimwangalia tu. Sikuwa na namna ya kumwambia kwa hakika kilichompata mwanawe.

Iko hatari nyingine iliyo kubwa kuliko ya sampuli: ulegevu unaweza kupanda kutoka miguuni hadi kwenye misuli ya kupumulia. Mtoto huyo hana wiki ya kungojewa.

Wazee wanasema amekanyaga kitu kilichotegwa. Tuanzie kwa mganga?

Wazee wetu nawaheshimu, na baadhi ya waganga wa tiba asili ni wasaidizi wetu wazuri, kwa kuwa hutuarifu mara wanapoletewa mtoto aliyelegea. Hata hivyo, nimekwisha kuona watoto wengi mno waliochanjwa chale na kukandwa kwa maji ya moto hadi ngozi ikababuka, huku siku zikihesabika. Nasema tena: zahanati kwanza, siku hiyo hiyo. Kukanda na chale hakurudishi nguvu za kiungo kilicholegea, na kunamuumiza mtoto ambaye tayari anaumwa.

Alikuwa na homa, akachomwa sindano ya makalio, ndipo mguu ukalegea. Si sindano tu hiyo?

Yawezekana, kwa sababu sindano iliyogusa mshipa wa fahamu hulegeza mguu. Lakini polio nayo huanza na homa, na sindano inayochomwa kwenye msuli wakati huo inaweza kuzidisha kupooza. Maelezo hayo basi hayamwondolei mtoto haja ya kupimwa. Mleteni na mseme wazi alichomwa nini na lini. Tafadhali acheni pia tabia ya kutafuta mtu wa kumchoma mtoto sindano nyumbani kila apatapo homa, kabla hata hajapimwa malaria.

Kinyesi mnakifanyia nini?

Kiasi cha ukubwa wa kidole gumba hutiwa katika kichupa, hutunzwa kwenye barafu katika nyuzi joto 2 hadi 8, na hupelekwa maabara kutafutwa virusi. Hakitumiki kwa jambo jingine lolote.

Kijijini kwetu hajapooza mtoto yeyote miaka yote. Si salama?

Hata pasipo polio, tunatarajia kila mwaka angalau mtoto 1 kati ya 100,000 wenye umri chini ya miaka 15 apooze ghafla kwa sababu nyingine. Kijiji kimoja ni kidogo kwa hesabu hiyo, lakini wilaya nzima inapokaa mwaka bila taarifa hata moja, huwa nashuku kwamba watoto wapo na wamefichwa ndani.

Kwa nini mnarudi baada ya siku 60?

Tunapima kama ulegevu umebaki au umekwisha, hasa pale sampuli zilipochelewa, kwa kuwa matokeo ya siku hiyo huwasaidia wataalamu kuamua kama ilikuwa polio. Familia nyingi huwa zimehamia mashambani au zimevuka ziwa, na mtoto hapatikani. Mkihama, mwachieni mtendaji wa kijiji namba ya simu na jina la mahali mnapokwenda.