Kompyuta Inayopoteza Saa: Tunayoambiana Mtwara na Ukweli Wake

Msimu wa korosho ukianza, mwezi wa kumi, ndipo kompyuta zenye saa mbovu huletwa kwangu kwa wingi. Karani wa chama cha msingi aliizima ya kwake msimu uliopita, akaichomoa ukutani, akaifunika khanga. Leo anaiwasha, inamwambia ni Januari mosi, 2009. Anaiandika tarehe sahihi, kesho yake imerudi kulekule. Mtandao haufunguki, wakulima wanasubiri malipo, na kila aliyepita mezani kwake ameshamtajia chanzo: kirusi, joto, umeme, chumvi ya bahari.

Kabla sijashika bisibisi huwa namuuliza mwenye kompyuta: saa inapotea ikiwa imezimwa, au inapotea ukiwa umekaa mbele yake unafanya kazi? Wengine huona namzungusha. Lakini jibu lake ndilo litakaloamua kama atanunua betri au hatanunua kitu kabisa.

Kompyuta ina saa mbili. Ya kwanza iko kwenye bodi, ile sahani kuu ya saketi ndani ya kompyuta, nayo hutembea hata mashine ikiwa imezimwa, kwa nguvu ya betri ndogo ya duara kama sarafu. Ya pili ni ya Windows yenyewe: kompyuta ikiwaka, Windows huisoma ile ya bodi, kisha huendelea kuhesabu kivyake mpaka utakapozima.

"Saa ikipotea, betri imekufa"

Mara nyingi ni kweli, na ndiyo maana dhana hii haifi. Saa ikiwa sahihi mchana kutwa, ukizima na kuchomoa usiku, asubuhi ukakuta mwaka wa zamani au kompyuta inakudai ubonyeze F1 ndipo iendelee, hiyo ni betri. Lakini kama saa inabaki nyuma dakika kumi kati ya asubuhi na adhuhuri, na kompyuta haijazimwa hata mara moja, betri haihusiki. Muda huo bodi inakula umeme wa ukutani, na saa unayoiona kwenye kioo ni ile ya Windows. Hapo tafuta kwingine: programu mbili zinazogombea kurekebisha saa, mashine inayolala na kuamka vibaya, au bodi yenyewe kuchoka. Nimeshapokea kompyuta iliyobadilishwa betri mara tatu kwa mafundi watatu, na kila betri iliyotolewa ilikuwa nzima.

Kupima ni rahisi. Zima kulandanisha na intaneti, yaani kompyuta kujirekebishia saa kupitia mtandao, linganisha na simu yako, iache kompyuta inawaka saa tatu, linganisha tena. Kisha zima, chomoa, ilale hivyo. Asubuhi usiende moja kwa moja Windows. Ingia kwanza BIOS, ile mipangilio ya bodi inayofunguliwa kabla Windows haijaanza, uone saa iliyoko kule. Ikiwa ya BIOS ni sahihi na ya Windows imekosea, usiifungue hata skrubu moja.

Ikithibitika ni betri, angalia namba. Nyingi ni CR2032, na namba hiyo ina maana: upana wake ni milimita 20, unene milimita 3.2. CR2025 ina upana uleule na volti 3 zilezile, ila unene wake ni milimita 2.5. Wauzaji wengine hukwambia ni mamoja. Ukiiweka inacheza kwenye kikalio chake, na kompyuta ikisogezwa kidogo tu saa inapotea upya. Betri mpya ikipimwa kwa mita huonyesha volti 3 na kidogo juu yake. Ikishuka chini ya 2.7, mimi naitoa.

Usiishie kwenye betri, tazama pia kile kibati kinachoigusa. Kompyuta ya karani mmoja ilikuwa na betri mpya kabisa, lakini ulimi wa kibati ulikuwa umeota ukungu wa kijani, mdogo kuliko punje ya ufuta. Huku kwetu Shangani na Mikindani upepo una chumvi, na vumbi likishika unyevu hali huwa mbaya zaidi. Niliusugua kwa mswaki uliochovywa spiriti, nikaacha ukauke vizuri, nikarudisha betri ileile. Hajarudi na tatizo hilo.

"Betri ile inajichaji kompyuta ikiwaka"

Hapana. CR2032 haichajiwi. Ila kompyuta ya mezani ikiwa imechomekwa, hata ukiizima, pawa saplai, kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani, huendelea kupeleka umeme kidogo kwenye bodi, na saa hutumia huo. Betri hupumzika. Sisi tumezoea kuzima swichi ya ukutani kila jioni kwa kuogopa umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, na siwezi kumlaumu mtu kwa hilo, nimeona pawa saplai nyingi zimeungua. Ijulikane tu kwamba kuanzia dakika hiyo betri ndiyo inayobeba saa, usiku kucha, na miezi yote ya nje ya msimu. Betri ya namna hii hubeba milliampea-saa 220 hivi. Saa ikinywa maikroampea 5, hiyo ni miaka mitano ya kazi bila kupumzika, na kompyuta nyingi zinazofika Mtwara zimeshatumika kwingine kabla. Nikibadilisha betri hubandika kipande cha karatasi ndani ya kava chenye mwezi na mwaka.

"Ni joto la huku kwetu"

Ndani ya bodi kuna kioo kidogo cha madini ya quartz kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na saa huhesabu mitetemo hiyo. Kimetengenezwa kikae sawa kwenye nyuzi 25. Kikipata joto zaidi ya hapo hupunguza mwendo, na kikipata baridi vilevile hupunguza. Ndani ya kava penye nyuzi 45, upungufu unaotokana na joto ni kama sekunde moja na kidogo kwa siku. Ongeza kasoro ya kawaida ya kiwandani, ambayo yaweza kufika sekunde 1.7 kwa siku, na kwa mwezi utapoteza dakika moja au moja na nusu. Kwa hiyo anayepoteza dakika moja kwa mwezi hana kompyuta mbovu. Anayepoteza robo saa kwa siku asilisingizie jua.

"Imebaki nyuma saa sita"

Hii inanigusa kwa sababu watu huaibishwa nayo bure. Dada mmoja wa steshenari karibu na soko kuu aliniletea kompyuta akasema, "Fundi, naiwekea saa, ikipata intaneti inaniharibia." Kila asubuhi saa mbili alikuwa anaandika 2:00. Ikiunganishwa na mtandao inajirudisha 8:00. Hakukosea kusoma saa, alikuwa anaiandikia saa ya Kiswahili, nayo kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane. Matokeo yake nyaraka za asubuhi zilionekana zimechapwa alfajiri, na tarehe ilikuwa inabadilika saa kumi na mbili asubuhi. Nilimwonyesha, tukaipanga pamoja, hapakuwa na cha kulipia.

Ikiwa tofauti ni saa tatu kamili, uliza kama kompyuta ina Windows na Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, pamoja. Linux huiacha saa ya bodi kwenye saa ya dunia, UTC, na Windows huisoma kama saa ya hapa. Sisi tuko mbele ya UTC kwa saa tatu, basi ukitoka Linux kuingia Windows utajikuta nyuma kiasi hichohicho. Ikiwa ni saa kumi au kumi na moja, Windows imebaki kwenye saa ya Pasifiki ya Marekani tangu siku iliposakinishwa. Chagua Nairobi kwenye orodha. Usitafute Dar es Salaam, haimo, na Nairobi haikufanyi Mkenya.

"Ni kirusi"

Mara chache sana. Aliyerudisha tarehe nyuma huwa mara nyingi ni mtu, ili programu ya majaribio isimwishie muda. Hapo programu huenda ikaendelea, lakini tovuti zinagoma, kwa sababu kila tovuti salama hubeba cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini ni 2009 huona cheti cha leo hakijaanza. Ndiyo sababu karani yule alinunua bando mara mbili akidhani mtandao ndio mbovu.

"Iunganishe na intaneti, itajirekebisha yenyewe"

Kwa dakika chache, sawa. Lakini Windows ya kawaida, isiyo kwenye mtandao wa ofisi, imewekewa ukomo: tofauti ikizidi saa 15, hukataa kujirekebisha. Kwa hiyo iliyoko 2009 haitafika leo peke yake. Andika kwanza tarehe, mwaka na saa kwa mkono, kisha bonyeza kulandanisha. Ikikataa bado, huenda ruta ya ofisi imefunga mlango wa 123 ambao saa hupitia. Jaribu kwa intaneti ya simu.

Betri uliyoitoa usiiache mezani. Inafanana na peremende, na upana wake unatosha kukwama kwenye koo la mtoto, ambako huanza kuunguza ndani ya saa mbili hata ikiwa imeisha nguvu za kuendesha saa. Ifunge kwa selotepu pande zote mbili. Mtoto akiimeza, au ukishuku tu, usimtapishe wala usingoje itoke yenyewe: mkimbize Ligula au hospitali iliyo karibu, na uende na pakiti ya betri waione namba.