Jina liko ulimini: ubongo unafanya nini wakati huo?

Umekutana na mtu sokoni. Unamfahamu vizuri: mlisoma darasa moja, mama yake alikuwa akiuza maandazi nje ya shule, hata cheko lake unalikumbuka. Jina ndilo halitoki. "Ngoja, liko hapahapa ulimini!"

Hali hiyo si sawa na kusahau kabisa. Mwaka 1966, wanasaikolojia Roger Brown na David McNeill, wakiwa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliwasomea wanafunzi maana za maneno adimu, kisha wakawataka wataje neno lenyewe. Waliokwama mara nyingi waliweza kubahatisha herufi ya kwanza, na hata idadi ya silabi. Neno walikuwa nalo, ila sauti zake zilikuja nusunusu.

Sababu ni kwamba habari za mtu na sauti ya jina lake havikai pamoja ubongoni. Lazima kuwe na njia ya kutoka huku kwenda kule, na njia isiyopitwa siku nyingi huota nyasi. Majina ya watu ndiyo yanayotesa zaidi. Ukiambiwa fulani ni mganga, papo hapo unaona mizizi, vibuyu, wagonjwa barazani. Neno limeshikwa na kamba nyingi. Ukiambiwa anaitwa Bwana Mganga, huna picha yoyote, una kamba moja tu. Watafiti wa Uingereza walilipima jambo hili mwaka 1987: neno lilelile lilikumbukwa kwa urahisi zaidi likiwa kazi ya mtu kuliko likiwa jina lake la ukoo.

Na ubongo haujalala wakati huo. Picha za fMRI, mashine zinazoonyesha sehemu za ubongo zinazofanya kazi, zimeonyesha kwamba mtu aliyekwama hivi hutumia zaidi sehemu za mbele za ubongo, zikiwemo zile zinazogundua mgongano wa mambo, kuliko anayejua jibu na kuliko asiyejua kabisa.

Wazee hupatwa zaidi, na wengi huingiwa na hofu. Kukwama kwenye majina mara mojamoja, peke yake, si dalili ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

Ila usilipiganie jina kwa muda mrefu. Watafiti wa Kanada waligundua kuwa waliong'ang'ana zaidi na neno walielekea kukwama palepale siku nyingine, kana kwamba ubongo umejifunza kukosea. Afadhali umwulize mwenyewe jina lake, kisha ulitamke.